Slaidi Nilizoziita Mbovu

Nianze na kosa lenyewe, msomaji asije akalitafuta katikati ya maelezo ya mashine. Nilitengeneza hadubini ya bei nafuu inayofanya kazi kwa kamera ya simu. Nikaijaribu kwa slaidi za damu ya watu wenye malaria. Katika baadhi ya slaidi ilionyesha vimelea, katika nyingine haikuonyesha. Zile ambazo haikuonyesha nikazitenga, nikaziita mbovu, nikahesabu zilizobaki, na hesabu hiyo ndiyo niliyoipeleka Bungoma mbele ya watu wa afya. Hakuna namba niliyoitunga. Kila tarakimu kwenye ripoti ile ilitokana na damu ya mtu halisi. Nilipepeta tu, kama tunavyopepeta maharagwe huku kwetu Kitale, na makapi sikumwonyesha mtu.

Asilimia niliyoiandika sitaitaja hapa. Imeshatembea vya kutosha.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Katika karakana yangu tunatengeneza simu, redio na vifaa vya sola, na msimu wa mavuno ukifika huletewa mizani na vipimo vya unyevu vya wanunuzi wa mahindi. Kazi hiyo ya vipimo vya unyevu ilinifunza mapema kwamba kila kipimo kinachokosea kina mtu anayefaidika na kosa lake. Nililijua hilo kuhusu mahindi. Kwamba lingeweza kunihusu mimi mwenyewe halikunijia akilini.

Wazo la hadubini nalo halikuwa langu. Mwaka 2009 kundi la watafiti la Daniel Fletcher huko Berkeley, Marekani, lilionyesha kwamba simu ya mkononi ikiunganishwa na lenzi inaweza kupiga picha za vimelea vya malaria. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha maelezo ya Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja ambayo vipuri vyake havifiki dola moja. Ndani ya karatasi ile kuna kishanga kidogo cha kioo, basi. Kumbe hata huo si ujuzi mpya. Antonie van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alitumia lenzi moja ndogo iliyobanwa kati ya vibati viwili katika karne ya 17 na akawa wa kwanza kueleza habari za vijidudu. Moja ya hadubini zake iko hadi leo Utrecht, na inakuza mara 266.

Niliposoma habari hizo nilijiambia: kama mwuza vitambaa aliweza, fundi wa simu atashindwaje? Siri ya kishanga ni kwamba kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyokuza zaidi. Kishanga cha milimita 3 hukuza takriban mara 100, cha milimita 1 zaidi ya mara 300. Nikapata vishanga vya kioo, nikakata bomba la plastiki la maji, nikatia taa ya tochi chini na skrubu ya kusogezea slaidi juu na chini, nikabana simu ya mtumba juu yake. Ukiacha simu, gharama yote haikufika shilingi 2,000. Siku ya kwanza nilipoona chembe za damu yangu kwenye kioo cha simu, duara nyekundu zilizobonyea katikati, nilifunga karakana mapema na sikumwambia mteja yeyote sababu. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na sitaki kuikana hata leo.

Lakini kukuza ni jambo moja na kutenganisha ni jingine, na hapo ndipo bei rahisi inapojificha. Kutenganisha ni uwezo wa lenzi kuonyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hivi. Kimelea kichanga cha malaria kali, kile kinachoonekana kama pete ndani ya chembe, kina mikroni 2 au pungufu, na alama zinazomwezesha mpimaji kuapa kwamba hiki ni kimelea na si uchafu, yaani kile kidoa chekundu na ule uzi wa buluu, ni ndogo zaidi ya hapo. Lenzi ya maabara inayotumiwa na tone la mafuta hutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban theluthi moja ya mikroni. Kishanga changu hakikukaribia hapo. Tena kilikuwa na ugonjwa wa vishanga vyote: picha ni safi katikati tu, pembeni kila kitu kinafumuka. Ukikuza picha yenye ukungu, unachopata ni ukungu mkubwa zaidi. Niliyajua haya. Yamo katika kitabu chochote cha fizikia, na mimi fizikia niliifaulu.

Slaidi za kwanza nilizipata Kitale kwa mtu anayefundisha wanafunzi wa maabara. Zilikuwa nzuri ajabu. Damu imepakwa kwa mkono uliozoea, rangi ya Giemsa imekaa sawasawa, chembe zimejaa pete hata asiyejua angeuliza ni nini. Hadubini yangu ilizimaliza zote, nami nikaona kazi imekwisha. Sikujiuliza slaidi za kufundishia huchaguliwaje. Mwalimu hawekei wanafunzi slaidi ambayo yeye mwenyewe alihangaika nayo nusu saa. Huwawekea ile ambayo hata wa nyuma ya darasa ataona kitu. Mashine yangu ilifanya mtihani ambao maswali yake yalikuwa yameteuliwa ili kila mtu afaulu.

Kisha nikaomba slaidi za kawaida kutoka kituo kimoja cha afya katika Kaunti ya Bungoma. Aliyenipa ni mpimaji wa maabara wa makamo, ambaye wagonjwa wote wanamwita daktari, na mimi pia nikamwita hivyo. Alinifungia kwenye boksi la glavu, kila slaidi na namba yake, na karatasi ya majibu aliyoyasoma kwa hadubini yake ya miaka mingi.

Anayetoka Kitale kwenda Bungoma anateremka. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Unapita Kiminini, Kamukuywa, hadi Webuye, kisha unakunja kuelekea magharibi, na njiani hewa inabadilika mpaka unafungua dirisha la matatu bila kuambiwa. Malaria nayo inabadilika. Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, huhesabiwa katika nyanda za juu, ambako malaria huja kwa misimu na milipuko. Bungoma imo katika ukanda wa ziwa, ambako haiondoki mwaka mzima. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2020 ulikuta vimelea katika damu ya watoto 19 kati ya kila 100 katika ukanda huo, ilhali kwa Kenya nzima walikuwa 6. Na mahali ambapo watu wanaumwa na mbu wenye malaria maisha yao yote, miili yao hujifunza kuishi na vimelea vichache. Wengi wana vimelea, lakini si kwa wingi. Mpimaji husogeza slaidi, husogeza tena, na huenda pete moja ikatokea baada ya kuangalia sehemu nyingi tupu. Ndiyo maana mwongozo wa maabara unataka angalau sehemu 100 za tone nene ziangaliwe kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu.

Hadubini yangu ilipokutana na slaidi za boksi la glavu, ilianguka. Pale ambapo karatasi ya daktari ilisema kuna vimelea vingi, niliviona. Pale iliposema vichache, niliona vumbi, niliona punje za rangi zilizoganda, niliona vivuli. Kusema kweli slaidi nyingine zilikuwa na kasoro. Giemsa huhitaji maji yenye uchachu uliopimwa, pH 7.2, na kituo kile kilikuwa kinatumia maji yaliyopatikana. Slaidi zenyewe zilioshwa na kutumiwa tena, zina mikwaruzo. Tone moja au mawili lilikuwa limebanduka wakati wa kuoshwa. Kwa hiyo nilipoandika neno “mbovu” pembeni ya namba ya slaidi, sikuwa nimeokota neno hewani.

Sasa nifike kwenye kiini. Kulikuwa na slaidi chafu, imekwaruzwa, rangi imeganda, na ndani yake hadubini yangu iliona pete wazi. Hiyo niliihesabu. Kulikuwa na nyingine chafu vilevile, na hadubini yangu haikuona chochote. Hiyo niliitupa kwa sababu ya uchafu. Kama uchafu ndio uliokuwa kipimo changu, zote mbili zingetoka au zote mbili zingebaki. Kipimo changu halisi kilikuwa jibu. Nilitazama kwanza kama nimefaulu, kisha nikaamua kama slaidi ilifaa. Na nilifanya hivyo usiku, peke yangu, nikiwa nimetulia kabisa, nikiamini kwamba ninasafisha data. Ndiyo, nilitumia neno hilo, kusafisha.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na mfano wa namna ya kufanya vizuri mezani pangu, tena wa hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Isaac Bogoch na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Pemba. Walichukua iPhone, wakabandika mbele ya kamera kishanga cha milimita 3 kwa gundi ya utepe wa pande mbili, wakamulika kwa tochi ndogo, wakaangalia slaidi za choo cha watoto ili kutafuta mayai ya minyoo, na majibu yao wakayalinganisha na ya hadubini ya kawaida. Kwa askarisi, ile minyoo mikubwa ya mviringo ambayo mayai yake yana ganda nene, simu iliwagundua takriban 81 kati ya kila watoto 100 walioambukizwa. Kwa minyoo wenye umbo la mjeledi, 54. Kwa minyoo wa safura, ambao mayai yao yana ganda jembamba na huyeyuka machoni dawa ya slaidi ikikaa muda, 14 tu.

Walichapisha 14. Waliiweka kwenye muhtasari wa makala, mahali ambapo hata mvivu atasoma. Mimi nilipoandika ombi langu la fedha niliitaja Pemba kwa fahari, nikaandika 81, nikanyamaza. Na baadaye, nilipopata 14 yangu mwenyewe, niliitia kwenye boksi la glavu na kufunika.

Kikao cha Bungoma kilikuwa na chai na andazi, projekta iliyokataa mara mbili, na picha yangu ya chembe zilizojaa pete ikiwa kubwa ukutani kama dirisha. Watu walipiga makofi. Nilisema hadubini hii haihitaji stima, haihitaji maabara, na muuguzi yeyote anaweza kujifunza kuitumia kwa nusu siku. Niliwagawia kipeperushi chenye ile asilimia kwa wino mzito. Daktari wa boksi la glavu alikuwa ameketi karibu na mlango. Mwishoni aliinua mkono.

“Injinia, hizo ni zile slaidi zangu?”

“Ndiyo, daktari.”

“Zote?”

“Zile zilizofaa.”

Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari. Nje, tukisubiri pikipiki, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Kijana wangu, mimi wagonjwa huniletea damu yote. Hawajawahi kunichagulia.” Nilicheka, nikadhani ni utani wa mzee.

Hadubini moja iliachwa katika zahanati ya mashambani isiyo na maabara. Huko malaria hupimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni, chenye mistari. Ni kipimo kizuri, na Kenya imekitegemea vijijini kwa miaka mingi, ila siku za mahitaji makubwa huisha kabla ya vingine kuletwa. Wiki hiyo vilikuwa vimebaki vichache. Muuguzi, tumwite sista kama wanavyomwita wote, alifanya uamuzi ambao na mimi ningeufanya: vipimo vilivyobaki aviweke kwa wajawazito, na wengine awapime kwa hadubini mpya, kwa kuwa kipeperushi kilimwambia haikosei sana. Alipiga hesabu ya busara juu ya namba yangu mbovu.

Akaletwa mtoto wa kiume wa shule ya msingi, ana homa na kichwa kinamuuma. Sista alipaka damu, akatia rangi, akapiga picha kama nilivyomfundisha. Mimi ndiye niliyeamua picha chache zinatosha, kwa sababu picha 100 zingemchosha na kuifanya mashine ionekane ya polepole. Hakuona kitu. Mtoto akapewa dawa ya homa na ya kifua, akarudi nyumbani. Usiku wa pili alipata degedege. Mama yake alimfunga mgongoni kwa leso, akapanda pikipiki hadi hospitali kubwa, na huko slaidi yake ilisomwa kuwa na malaria. Alitundikiwa dawa ya mshipani. Alipona. Nasema alipona mapema ili nisionekane ninajenga hadithi ya kutisha. Huenda hata ile slaidi ya kwanza ilikuwa na vimelea vichache sana, huenda hata mpimaji mzuri angevikosa siku hiyo. Huenda. Lakini nilikuwa nimeshaapa kwa maandishi kwamba mashine yangu haivikosi.

Sista aliponipigia simu, swali langu la kwanza lilikuwa, “Rangi uliichanganya vipi?” Sikuuliza mtoto yuko wapi. Nililiuliza la mtoto baadaye katika mazungumzo yaleyale, ila mpangilio wa maswali yangu naukumbuka, na yeye anaukumbuka.

Katika miezi iliyofuata nilisoma upya yale niliyokuwa nimeyasoma kwa haraka, safari hii nikitafuta kile ambacho wengine walikifanya na mimi sikukifanya. Jaribio la Kameruni lilinifungua macho. Kundi lilelile la Fletcher lilitengeneza kifaa cha simu, LoaScope, kwa ajili ya mnyoo mmoja tu, Loa loa, ambaye vichanga vyake katika damu ni virefu kuliko chembe nyekundu kwa makumi ya mara na hujinyonganyonga. Simu haitafuti umbo lake, inatafuta mtikisiko anaouleta kati ya chembe. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2015, na mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya kutumiwa kwake kuwapima watu zaidi ya 15,000 kabla ya kupewa dawa ambayo ingewadhuru wenye vichanga vingi mno. Walichagua mnyama anayelingana na udhaifu wa lenzi yao. Mimi nilichagua malaria kwa sababu malaria ndiyo inayopata fedha.

Halafu kuna OpenFlexure, hadubini iliyoanzia Uingereza na kuendelezwa pamoja na Taasisi ya Afya ya Ifakara ya Tanzania na mafundi wa STICLab jijini Dar es Salaam. Mwili wake wote unachapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D, na slaidi husogezwa na vipande vya plastiki inayopinda kwa hatua ndogo kuliko mikroni moja. Michoro iko wazi kwa yeyote. Niliitazama michoro ile usiku kucha kwa wivu wa kifundi, maana ule mpindo wa plastiki ni kazi ya akili. Lakini kilichoninyamazisha ni lenzi. Kwa ajili ya malaria wanafunga lenzi halisi ya maabara, ya mafuta, ya mara 100. Wamebana matumizi kwenye chuma, kwenye skrubu, kwenye mota, kwenye kila kitu isipokuwa kile kinachoona. Mimi nilibana hapohapo pa kuonea, kisha nikajisifia bei.

Na hapa Kitale penyewe, kilomita chache kutoka karakana yangu, kulikuwa na kazi ya kujifunzia. Daktari wa macho Hillary Rono na wenzake walifanya jaribio la kupima macho ya wanafunzi wa Trans Nzoia kwa simu kwa mfumo wa Peek, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Shule nyingine zilitumia simu, nyingine kadi ya kawaida. Katika kundi la simu, ambamo wazazi walitumiwa jumbe za kuwakumbusha, 54 kati ya kila watoto 100 waliokutwa na tatizo walifika hospitalini. Katika kundi la kadi walifika 22. Mimi nilizoea kuitaja Peek kwenye hotuba zangu kama ushahidi kwamba simu inaweza chochote. Sikuwa nimeona kwamba faida kubwa pale ilitokana na ujumbe uliomfikia mzazi, wala sikuwa nimeona kwamba waandishi wenyewe wanakubali bila kuona haya kuwa karibu nusu ya watoto bado hawakufika.

Nilirudi kwa daktari wa boksi la glavu. Sikumpigia simu kwanza, nilihofia angeniambia nisije. Nilimkuta dirishani akisoma slaidi, hadubini yake ikiwa ya kioo cha kurudisha mwanga, ile ambayo stima ikipotea unaigeuzia jua na kazi inaendelea. Nilimwambia nilichofanya, slaidi kwa slaidi. Alisikiliza huku akiendelea kuhesabu kwa kidole mezani, kisha akasema alijua tangu siku ya kikao, kwa sababu namba nilizozionyesha ukutani zilikuwa zinaruka. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake zile ambazo hazikutajwa. Nilimwuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. “Ulikuwa na wageni,” akanijibu.

Nilimwuliza pia, kwa kuchelewa sana, angependa nimtengenezee nini. Orodha yake haikuwa na hadubini. Giemsa isiyozeeka kabla ya kufika. Mafuta ya lenzi. Slaidi mpya, apumzike kuosha za zamani. Na mtu wa pili wa kusoma, kwa sababu macho yake jioni humdanganya. Hakuna hata kimoja ambacho fundi wa Kitale angekipatia tuzo ya ubunifu.

Tulirudia jaribio kwa masharti yake. Slaidi alizipanga yeye, namba alizibadilisha yeye, majibu akayafungia kwenye droo na ufunguo akauweka mfukoni mwa koti. Hakuna kuondoa slaidi, hata iliyobanduka nusu. Nilisoma zote nikaandika kwa kalamu, si penseli. Droo ilipofunguliwa tulikuta nimeona karibu kila slaidi yenye vimelea vingi, na katika zile zenye vimelea vichache nilizozikosa zilikuwa nyingi kuliko nilizoziona. Zaidi ya hayo kulikuwa na watu wasio na vimelea ambao mimi niliwapa malaria kwa sababu ya punje za rangi, na hilo katika jaribio la kwanza sikuwa hata nimelipima.

Niliandika barua kwa wote waliohudhuria kikao na kwa waliotoa fedha. Waliotoa fedha walishukuru kwa uwazi na kuuliza kama ninafikiria awamu ya pili. Hadubini ya zahanati niliichukua mwenyewe. Zilizobaki ziko katika shule mbili za sekondari, wanafunzi wanaangalia ngozi ya kitunguu na maji ya kidimbwi, na kwa kazi hiyo ni nzuri kwelikweli. Kipeperushi ndicho kilichonishinda. Katika ofisi moja nilikikuta ukutani, nikaomba kitolewe. Nikaambiwa kimeshatiwa fremu, na fremu imeandikishwa kuwa mali ya ofisi, kwa hiyo lazima niandike barua nyingine. Nimeiandika.

Kwa mama wa yule mtoto nilienda na sista, kwa kuwa sikustahili kubisha hodi peke yangu. Tulikaribishwa kwa chai. Mtoto mwenyewe alikuwa nje anacheza kandanda na hakutaka kuitwa. Nilieleza kwa lugha nyepesi kadiri nilivyoweza: mashine niliileta mimi, nilijua haioni vizuri, sikumwambia sista. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Kwa hiyo haikuwa sista?” Nikasema hapana, haikuwa sista. Akamgeukia sista, wakatazamana, na nikafahamu kwamba kulikuwa na maneno kijijini ambayo mwenzangu alikuwa ameyabeba muda wote huo bila kunieleza. Kisha mama alinitajia nauli ya pikipiki ya usiku ule, nenda na rudi, na gharama ya kitanda. Nikatuma kwa M-Pesa palepale. Alisoma ujumbe, akahakikisha salio, akaweka simu chini.

“Na wale wengine mliowapima kwa hiyo simu,” akasema, “umeshawaambia?”

Sikuwa nimewaambia. Picha zote ninazo, ila zina namba tu, hazina majina. Katika kipeperushi nilikuwa nimeandika kwamba huko ni kulinda siri ya mgonjwa.